Mpini Uliong'aa Mno

Neno la kwanza alilomwambia lilikuwa tusi, na hakulijutia hata kidogo.

Ilikuwa asubuhi ya pilikapilika. Ukumbi wa stendi ya mabasi ulijaa mabegi, vumbi la viatu na watu waliouliza swali lile lile kwenye kila dirisha. Chini ya ngazi za kupandia ghorofani palikuwa na kibanda chembamba cha vioo, na mbele yake, juu ya kigoda, bakuli la povu jeupe zito. Mwenye kibanda alivaa aproni ya bluu juu ya gauni la njano, na nywele zake alizifunga nyuma kwa utepe. Alikuwa ndiyo kwanza amelikoroga povu lile kwa brashi ya mteja, akageuka kuchukua taulo. Hapo hapo mwanaume mmoja akashuka ngazi mbio, koti mkononi, akakipiga kigoda teke.

"Macho umeyaacha kitandani, bwege wewe?"

Mwanaume akajitazama. Suruali yake nyeusi, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa mikali, ilikuwa nyeupe kuanzia goti kwenda chini.

"Samahani, dada. Nilikuwa nawahi kulizuia basi lisiondoke kabla sijalitangaza."

Sauti hiyo ilimfanya anyanyue uso. Aliijua. Alikuwa akiisikia kutwa nzima kutoka kwenye spika za ukumbi, nzito na laini, ikiwaambia watu mabasi yao yako wapi. Hakuwahi kufikiri kwamba ina mwenyewe, tena mwenyewe mrefu, mwenye vishimo mashavuni.

"Kumbe sauti ina miguu," alisema. "Na miguu yenyewe haioni."

"Na kumbe chini ya ngazi kuna simba. Nikusaidie kudeki?"

"Deki. Halafu upotee."

Alideki kwa leso yake mwenyewe. Hakupotea.

Kazi ya mwanamke huyu ni adimu, kwa hiyo tuieleze kabla hatujaenda mbali. Anafufua brashi za zamani za kunyolea ndevu, zile za mipini ya pembe na mfupa, ambazo manyoya yake yamenyonyoka mpaka zikawa na vipara kama wenye nazo. Huloweka mabaki kwenye maji ya moto, akayakata kwa mkasi, akakwangua tundu kwa keekee mpaka gundi ya kale itoke yote, kisha akapachika kishungi kipya cha singa za farasi. Tundu likiwa refu mno, kishungi kinazama na kuwa kigumu, kinachoma uso. Likiwa fupi, kinalegea na kumwaga maji kidevuni. Ndiyo maana hamkabidhi mtu brashi kabla hajaikoroga kwenye sabuni mbele ya macho yake. Watu wa stendi humwita Povu kwa sababu hiyo. Wapo wanaodai jina lina sababu ya pili, ila hawaisemi akiwa karibu.

Mtangazaji alianza kupiga simu kutoka kwenye kichumba chake cha juu, katikati ya basi na basi.

"Povu langu, umekula?"

"Nimekula. Tangaza mabasi, watu wataachwa."

"Waachwe. Mimi mwenyewe nimeachwa na akili zangu, zimeshuka ngazi hazijarudi."

"Zikija huku nitazifagia."

"Zifagie taratibu, mpenzi. Ni chache."

Akakata simu akicheka, na muda huo huo sauti ile ile, sasa ya kazi, ikajaa ukumbini kuwaita abiria wa basi jekundu. Mwanamke akainama juu ya mpini aliokuwa akiusugua, uso umemwiva. Kuanzia hapo walikula pamoja mchana, wakasindikizana jioni mpaka kwenye kona yenye duka la viatu, na wauza magazeti wakachoka hata kuwasengenya. Alimpenda. Hilo liwekwe wazi, kwa sababu yaliyofuata hayafanani na mapenzi.

Siku moja mtangazaji alileta kitu kimefungwa kwenye leso. Ilikuwa brashi ya baba yake.

Baba mtu alikuwa refa wa mpira, na mpaka leo mtaani wanamwita Refa. Miaka yote mashabiki walimzomea kwamba ni kipofu. Uzeeni macho yakapofuka kweli, na yeye mwenyewe husema wamepata walichokuwa wakiombea. Anaishi na mwanawe huyu, aliyerudi nyumbani baada ya mama yake kufariki.

"Manyoya yamekwisha," mtangazaji alisema. "Analalamika kila asubuhi kwamba nampaka maji matupu. Itengeneze, mpenzi wangu. Ing'ae kama siku iliyotoka dukani."

"Baba yako ataona mng'ao?"

"Mimi nitauona. Nataka nimpe kitu kizuri mkononi."

Mpini ulikuwa wa pembe, rangi ya asali iliyoungua. Ulipasuka ufa mdogo chini, kwenye kitako, na shingoni ulikuwa na kishimo upande mmoja. Mwanamke alikipapasa. Alidhani brashi iliangukia sinki, au pembe yenyewe iliota vibaya. Mteja mwingine angemuuliza. Huyu hakumuuliza, kwa sababu alitaka kumshangaza. Akaupiga mpini tupa, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, akaizungushia shingo yote mpaka ikawa duara sawasawa. Akausugua kwa nta na kitambaa. Kishungi akakijaribu bila gundi, akakitoa, akalikwangua tundu tena, akakirudisha. Ufa wa kitako aliuacha kwa kuwa haukuwa na madhara. Hakuwahi kufanya kazi safi namna ile, na aliifanya kwa sababu ya mapenzi.

Mtangazaji alipoipokea aliigeuza kwenye mwanga, akambusu mkono mbele ya wauza magazeti.

"Una mikono ya ajabu wewe."

"Nenda kamnyoe mzee."

Kesho yake alirudi. Shati lake, ambalo siku zote lilinyooka, lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Kwenye kibanda walikuwepo kinyozi mmoja na mteja mwingine, wakisubiri.

"Umefanya nini na brashi ya baba?"

"Na wewe habari za asubuhi."

"Nimekuuliza! Ulikuwa na kishimo pale shingoni, mpini ule. Kiko wapi?"

"Nimekiondoa. Ilikuwa kasoro."

"Kasoro?" Sauti ile haikuhitaji spika. Ukumbi mzima uligeuka. "Baba ameishika, akapapasa, akaitupa ukutani! Anasema nimeuza yake nikamletea ya dukani! Ameniita mwizi, nyumbani kwetu, majirani wanasikia! Hataki kunyolewa, hataki chai, hataki hata kuniambia nipishe njia!"

"Ulisema ing'ae kama mpya."

"Sikusema uifute!"

"Ulisema kama siku iliyotoka dukani! Siku hiyo ilikuwa na kishimo?"

"Fundi gani anakwangua kitu asichokijua?"

Kinyozi akaanza kuangalia viatu vyake. Mwanamke alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Angeweza kustahimili kelele, angestahimili hata kuitwa mjinga faraghani. Lakini kudharauliwa kazi yake mbele ya wateja wake, na mtu aliyembusu mkono huo huo jana, hapana.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Jana uliishika. Uliigeuza huku na huku. Mbona hukuona kama kishimo hakipo?"

Mwanaume akaitazama brashi aliyokuja nayo mkononi.

"Hukijui! Umekisikia leo, kwa baba yako. Wewe mwanawe hukujua, halafu mimi wa chini ya ngazi ndiyo nijue? Toka kibandani kwangu."

"Povu..."

"Usiniite hivyo. Toka!"

Alitoka. Brashi aliiacha juu ya meza, na mwanamke akaitupia kwenye droo kama mtu anayefungia panya.

Ukaja ukimya wa kununiana. Simu iliita, akaiacha iite. Aliposikia mabasi yakitangazwa alikoroga sabuni kwa nguvu isiyo na sababu. Mama mmoja aliyeleta brashi ya mumewe alimuuliza kama anaumwa, akamjibu vibaya, kisha akamwomba radhi, kisha akakasirika tena kwa sababu imebidi aombe radhi. Chakula hakikupita. Usiku alijigeuza kitandani akitunga maneno makali ambayo angemwambia, na kila alipofika mwisho alikumbuka moja jingine kali zaidi. Hasira ya mtu usiyempenda huisha ukishalala. Hii iliamka naye, ikapiga mswaki naye, ikaja naye kazini.

Halafu mpuuzi yule akazidisha.

Ilikuwa mchana, ukumbi umefurika, watu wamekaa mpaka juu ya masanduku yao. Spika zikakoroma.

"Abiria wa basi la kijani, tafadhali sogeeni mlango wa pili. Na fundi wa brashi, kibanda cha chini ya ngazi, kuna mtu hapa juu anasema samahani. Anasema hali, halali. Anaomba apokewe simu."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mtu akapiga mluzi. Kinamama wa benchi la mbele wakashangilia, mmoja akapaza sauti, "Msamehe, mwaya, sauti tamu hiyo!"

Mwanamke alivua aproni. Akapanda ngazi kwa vishindo, akausukuma mlango wa kichumba cha matangazo, akaung'oa waya wa spika ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

"Ulinitukana mbele ya watu. Sasa unaniomba radhi mbele ya watu. Mimi ni sinema ya stendi?"

"Simu hupokei! Ningefanyaje?"

"Ungeshuka ngazi! Miguu unayo, niliiona ikipiga teke bakuli langu!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe," alisema, na hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa mekundu na kidevu kimeota vinyweleo. "Na yale uliyosema. Kwamba siijui. Ni kweli, siijui. Nimeondoka nyumbani nikiwa kijana, nimerudi mama ameshazikwa. Namnyoa baba kila asubuhi na brashi ile naishika kama kijiko cha mtu mwingine. Nikakufokea wewe kwa sababu sikuweza kujifokea mwenyewe."

Ilikuwa samahani nzuri. Hasira ya mwanamke haikujali uzuri huo. Ilikuwa bado na njaa.

"Mzee amenyolewa?"

"Hajanyolewa. Ndevu zimemjaa, zinamuwasha, anajikuna mpaka damu. Nilinunua brashi nyingine, akaitupa hiyo pia. Akisikia hatua zangu anasema, 'Mwizi amerudi.'"

"Chukua koti lako."

"Tunaenda wapi?"

"Kwenu. Mimi ndiye niliyeifuta, mimi ndiye nitakayemwambia. Siwezi kuwa na mtu ambaye baba yake anamwita mwizi kwa kazi ya mikono yangu. Na usidhani nimekusamehe."

Akarudisha waya wa spika mahali pake, kwa sababu abiria hawakuwa na kosa. Mtangazaji akamwachia mwenzake zamu, na walipopita kibandani mwanamke akaichukua brashi kwenye droo.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya kwanza, korido ndefu yenye harufu ya sabuni ya kufulia. Refa alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha la jikoni, mwembamba, mabega yamenyooka, fulana nyeupe safi, na ndevu za kijivu zimejaa hovyo mpaka shingoni.

"Mwizi amerudi," alisema. "Na amekuja na mwenzake. Viatu vya kike."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni fundi niliyeharibu brashi yako."

Mzee akageuza kichwa. Mwanamke hakusubiri kuulizwa. Akamwekea brashi kiganjani na kukifunga kiganja chake juu yake.

"Hii ni yako. Mwanao hakuiuza. Papasa kitako, kuna ufa. Sikuugusa."

Kidole kikongwe kilitambaa chini ya mpini, kikaufikia ufa, kikakaa hapo. Uso wa mzee ulibadilika, lakini si kwa upole. Ulikasirika upya, safari hii kwa mtu sahihi.

"Nani alikutuma ukwangue shingo?"

"Hakuna. Nilidhani ni kasoro."

"Ulidhani! Mimi uwanjani ningedhani, wangenivunja miguu! Kwa nini hukuuliza?"

"Kwa sababu nilikuwa najionyesha kwa mwanao!" Alipaza sauti bila kukusudia. "Nilitaka aone ninavyojua kazi. Nimekosa, baba. Nifokee mimi. Ila yeye usimwite mwizi tena, hajaiba kitu. Amekonda kwa ajili yako, nenda ukampapase uone."

Mtangazaji, mlangoni, alishika kichwa. Hakuna aliyewahi kumjibu Refa namna hiyo. Wachezaji waliojaribu walitolewa nje. Mzee alipumua kwa pua, mara moja, mara mbili.

"Ana mdomo huyu," alimwambia mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu ugomvi ule. "Chemsha maji. Ndevu zinaniua."

Maji yakachemka. Mwanamke aliloweka kishungi, akakung'uta, akakoroga sabuni kwenye kikombe cha bati mpaka povu likapanda na kujikunja. Akasimama upande wa kulia wa mzee na kuanza kumpaka, kwa duara ndogo ndogo, kutoka sikioni kushuka. Aliishika brashi kama anavyozishika zote anapozijaribu, vidole vinne upande mmoja na gumba limekaa shingoni, pale pale alipopapiga msasa.

Mzee akainua mkono wake na kuuweka juu ya mkono wa mwanamke. Hakuusukuma. Alipapasa mpaka akalipata lile gumba, akatulia.

"Wewe umefundishwa na nani kushika hivi?"

"Hakuna. Ndivyo mkono unavyokaa."

"Yeye naye alisema hivyo hivyo." Mzee hakuliachia lile gumba. "Mimi sijawahi kujipaka povu katika maisha yangu ya ndoa. Kila asubuhi ni yeye. Siku ya mechi alinipaka huku ananigombeza, kwamba nikipendelea timu ya mtaani kwetu nisirudi nyumbani. Kile kishimo ni cha gumba lake. Alikichimba kwa kunipaka."

Mtangazaji alikuwa ameacha birika likitokota.

"Baba, hukuniambia."

"Hukuuliza! Uliishika, ukapaka, ukaweka. Na kila ukiniwekea mkononi niioshe, mimi natia kidole changu pale alipotia yeye. Basi. Ndiyo salamu yetu. Halafu siku hiyo natia kidole, hakuna kitu. Laini. Kama hajawahi kuwepo."

Mwanamke alilia, na alilia kwa hasira, kwa sababu hakuna mtu wa kumkasirikia isipokuwa mikono yake mwenyewe, na ilikuwa na kazi. Hakuiacha. Aliendelea kupaka.

"Kirudishe," mzee alisema. "Si una tupa? Chonga."

"Naweza kuchonga sasa hivi, baba. Nitakipata sawasawa, hata wewe hutajua. Lakini kitakuwa cha tupa. Sitakudanganya mara mbili."

"Kwa hiyo hakirudi."

"Chake hakirudi. Kingine kinaweza kuja, mtu akishika hapa kila asubuhi. Pembe inakubali. Ila inachukua miaka."

"Mimi miaka sina. Na huyo mtu wa kila asubuhi ni nani?"

Birika lilianza kupiga kelele, na mtangazaji akalizima. Akavuta pumzi, akajinyoosha pale mlangoni kama mtu anayetaka kuwaita abiria.

"Povu, mpenzi wangu, mbele ya baba yangu..."

"Nyamaza!" alimkatiza. "Ukiniuliza kwa sauti hiyo, naondoka. Sitaki tangazo. Njoo hapa karibu, uniulize kama watu."

Alikuja. Shati lake na leo lilikuwa limefungwa kombo. Akainama mpaka mdomo wake ukawa sikioni mwa mwanamke, akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna spika yoyote ya stendi iliyowahi kuisikia, sauti ya mtu anayejua anaweza kukataliwa.

"Sijasikia!" Refa alifoka.

"Hukuulizwa wewe, baba," mwanamke alisema.

Akamtazama mwanaume yule usoni, akiwa bado amemkasirikia, na akijua atamkasirikia tena kesho na keshokutwa, na kwamba ni yeye huyo huyo anayetaka kumkasirikia.

"Ndiyo," alisema. "Chukua wembe, unyoe upande huu. Povu linakauka."

Kisha akahamia shavu la kushoto, na gumba lake akalikandamiza pale shingoni mwa mpini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.